Moto wa Tanuri la Kanisa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Kongwa, mwanangu, siku ambayo beseni la maji lilinifundisha kuliko mahubiri yote niliyokuwa nimeyasikia.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa sabuni na vitenge, na kila mwenye uwezo alitaka kujenga duka barabarani. Mimi nilikuwa kijana mchoma matofali, na sisemi uongo nikikwambia hakuna aliyenizidi. Kanisa letu la miti na udongo lilikuwa limechoka, washarika wakaamua kujenga la matofali kabla ya mvua. Vijana walifyatua. Akina mama walibeba maji kutoka korongoni, na aliyewatangulia ni Bibi Sechelela, mjane wa umri kama huu wangu wa leo. Kazi ya kuchoma nikapewa mimi.

Wiki hiyohiyo mfanyabiashara mmoja naye akanipa tanuri lake. Mshika mbili moja humponyoka, lakini nani alimwambia kijana akasikia? Tanuri la kanisa nililichochea asubuhi moja tu, nikaziba midomo yake kwa tope, nikakimbilia la duka. Huko nilichochea siku mbili bila kuketi. Nilijiambia kwamba Mungu ana huruma, ataelewa. Mwenye duka hana.

Tulipolifungua la kanisa, matofali yalikuwa mekundu kwa nje, nami nikaanza kujisifu. Bibi Sechelela akachukua moja, akalitumbukiza kwenye beseni, akaniambia niketi. Nikaketi. Kabla uji wa wafanyakazi haujachemka, tofali likawa tope.

"Maji haya nimeyabeba kwa shingo hii," alisema taratibu. "La dukani nalo lingeyeyuka?"

"Hapana, Bibi."

"Basi moto unao, mjukuu wangu. Mwenye duka umempa moto, Mungu umempa moshi."

Niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sikukubali mama yeyote arudi korongoni kwa kosa langu. Nilibeba maji mwenyewe, ndoo kichwani, wenzangu wakinicheka njia nzima. Nikafyatua upya, nikakata kuni, nikachochea siku tatu hadi nyusi zikaungua. Mvua za kwanza zilikuta ukuta umesimama. Bibi Sechelela aliuwekea kiganja, akaniitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Ukuta ule upo hadi leo, mwanangu, na hauna ufa. Najivunia, sifichi, ingawa mchungaji hunikumbusha kwamba utukufu ni wa Bwana. Namjibu kwamba ndiyo maana nauangalia kila Jumapili.

Basi shika neno hili. Ukifagia kanisa, fagia hadi chini ya mabenchi. Ukiimba, usiimbe huku unatazama saa. Na ukiwa dukani au shambani, fanya kwa nguvu ileile, kwa sababu huko nako Mungu anatukuzwa. Huruma yake isiwe sababu ya kumpa kilichobaki.

Bwana akutie moto usiozimika, mwanangu. Akupe shingo ya kubeba maji na mikono isiyochoka, na siku kazi yako itakapotiwa majini, itoke nzima.