Tata Alikwenda Kazini Kila Siku

King'ora cha machimbo kikilia hata leo, mkono wangu unatafuta gameli. Kwa ninyi ambao hamkukulia kambi ya wachimba shaba, gameli ni kile chombo cha bati chenye kifuniko, mwanaume anabebea bukari yake, ugali wake, wa kazini. Ya Tata, baba yangu, ilikuwa imebonyea ubavuni, na hata uisugue na majivu mpaka mikono ichubuke, ilinuka tu sombe, yale majani ya muhogo.

Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya. Makala, makaa ya kupikia, niliyouza mtaani Manika yamesimamisha nyumba ya matofali, na wenye diplome wamepanga kwangu. Basi nitawaelezea kama nilivyoona. Anayetaka mapambo angoje Noeli.

Tulikaa Kapata, kwenye nyumba za kampuni zilizofanana kama mayai. Tata alikuwa mtu wa kuchimba, kifua kama mlango. Halafu malaria ikampanda kichwani. Alitoka hospitali anatembea, anacheka, anakula vizuri, lakini akili nyingine ilibaki huko huko. Baiskeli yetu nzima aliibadilisha na mbuzi mzee asiye na meno, akarudi akiimba. Na kila king'ora cha kuanza poste, zamu ya kazi, kilipolia, alisimama kwenda kazini. Kazi hakuwa nayo tena. Tulipofunga mlango, alivunja dirisha. Mara nyingine akatuponyoka, wakamkuta amesimama katikati ya barabara ya malori, anangoja wenzake.

Mama hakupiga kelele. Kesho yake king'ora kilipolia, alimnyoshea gameli.

"Tata Numbi, unasahabu chakula."

Numbi ni mimi. Mama akanituma nimshike mkono, tuzunguke mstari wetu wa nyumba, tupite robine, lile bomba la maji, turudi kwa mlango wa nyuma, wa jikoni. Mama alikuwa anatungoja pale na maji ya kunawa.

"Kazi ilikuwa namna gani?"

"Nguvu," Tata akajibu, akakaa kama mtu aliyechoka kweli, akafungua gameli, akala.

Ikawa desturi. Majirani walimsalimia, "Poste ya muzuri, Tata Numbi!" Batoto walinichokoza: "Numbi, baba yako anachimba robine!" Mmoja nilimchapa mpaka akamwita nyanya yake. Mpaka leo tukikutana ananiamkia kwa heshima.

Habari ya mbuzi ikafika kaskazini, kwa tata mudogo Kalenga, mdogo wake Tata. Akaja na samaki wa kukaushwa, akamkumbatia Tata, akalia mbele yetu wote. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini kwa desturi yetu, alisema, kichwa cha mwanaume kikiharibika, wenye kukibeba ni ndugu zake, si bibi aliyemuoa. Alitaka tribunali, yaani mahakama, imkabidhi Tata, ampeleke mugini, kijijini kwao, mahali hapana malori wala king'ora. Mama akasema bwana wake haendi popote. Mi nilisikia jambo moja tu: wanataka kutunyang'anya baba.

Tribunalini juji, mkata kesi, alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani. Akamuuliza Tata, "Papa, leo ni siku gani?"

"Siku ya kazi."

Watu wakacheka.

"Na huyu mutoto ni nani?"

Tata akaniangalia sana. "Huyu? Tunafanya naye kazi."

Tata mudogo akatikisa kichwa. "Bwana juji, umesikia mwenyewe."

Ndipo king'ora kikalia kwa mbali. Tata akasimama. Tata mudogo akamkamata kaka yake mkono: "Kaa chini, yaya! Hauna tena na kazi!" Tata akamsukuma, benchi ikaanguka, polisi akasogea. Mama akainuka, akaingiza mkono kwenye kikapu. Gameli alikuja nayo, imejaa.

"Tata Numbi, unasahabu chakula."

Tata akatulia kama moto uliomwagiwa maji. Nikamshika mkono, tukatoka mlango mkubwa, tukazunguka tribunali yote, tukapita kwa mama wauza karanga, tukaingia kwa mlango mdogo wa nyuma. Mama alikuwa ameshafika pale na kikombe cha maji. Akamnawisha mbele ya watu wote.

"Kazi ilikuwa namna gani?"

"Nguvu." Akakaa palepale alipokuwa amekaa, akafungua gameli, akamsogezea juji. "Kula, shefu."

Juji akavua miwani, akamega. Halafu akamgeukia tata mudogo. "Kule ku mugini utamufanyia namna gani, akitaka kwenda kazini?"

"Kule hakuna king'ora, bwana juji."

"Kiko mu kichwa yake."

Tata mudogo akasogea. Akaiangalia gameli, akamwangalia kaka yake anavyokula. "Abakie na bibi yake," akasema.

Karatasi ikaandikwa kwamba Tata hawezi tena kununua, kuuza wala kutia sahihi. Neno lake litasemwa na Mama. Mama akaiweka chini ya godoro. Jioni ile akauliza kama jioni zote: "Tata Numbi, tufunge mlango?"

Tata aliufikiria ule mlango kama mtu aliyeletewa kesi ya ardhi. "Funga." Mama akafunga. Siku aliyosema "bado," tulikaa na mbu mpaka moyo wake uridhike. Nilifikiri Mama anaogopa bwana.

Nilikuwa mwanamke mkubwa, mjane, ndipo nikaelewa. Tribunali ilikuwa imechukua neno lote la Tata, ikamkabidhi Mama. Na yeye kila jioni alimrudishia kipande, kile alichoweza kukibeba.

Siku hizi batoto wangu wananyamaza nikiingia. Wananiuliza leo ni siku gani, wanatabasamu. Nawajibu, siku ya kazi. Juzi kijana wangu mkubwa alifunga mlango bila kuniuliza. Nikamwambia aufungue, aanze upya, aniulize kwanza.