Mayai ya Baba Kisilu

Ukitaka mayai kwa Baba Kisilu, usiwe na haraka. Anatoa moja kwenye kikapu, analitikisa karibu na sikio, halafu anakuambia ni kuku gani aliyelitaga. "Hili ni la yule mweusi. Mkali huyo, lakini yai lake halina mchezo." Ukinunua sita, utasikiliza habari za kuku sita.

"Baba Kisilu, unaniuzia yai ama historia yake?" Jacklyne, jirani wa nyumba ya pili, alimuuliza siku moja. "Chai yangu inamwagika huko!"

Mzee alicheka mpaka akashika lango.

Zamani alikuwa dereva wa lori. Mkewe alifariki nikiwa darasa la tatu. Huyo Kisilu mwenyewe yuko ng'ambo, na nadhani jina lake hutajwa hapa mtaani Donholm mara nyingi kuliko anavyompigia babake simu. Nyuma ya nyumba mzee ana kuku kumi na wawili, na magunia ya udongo yaliyopandwa mboga, sukuma na managu. Mbolea inatoka kwa kuku, majani yaliyotobolewa na wadudu yanarudi kwa kuku. Ndiyo maana kiini cha mayai yake kina rangi ya chungwa kabisa.

Jumamosi moja mwezi wa sita nilitumwa Kariobangi kushonesha kiatu cha shule. Sokoni nikamwona Baba Kisilu amebeba trei mbili za mayai, amezifunika kwa koti lake kama mtoto mchanga. Alipita bila kuniona. Nikajiuliza: mwenye kuku ananunuaje mayai?

Jioni nikaenda kwake kununua mayai. Akatoa yai, akalitikisa.

"Hili la yule mweusi."

"Mzee, naomba nimwone huyo mweusi."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Weh! Kuku walikuwa nusu uchi. Shingo tupu, mikia hakuna, manyoya yametapakaa chini kama mto umepasuka. Nikadhani ni ugonjwa.

"Wanabadilisha manyoya tu," alisema. "Wakiwa hivyo hawatagi. Miezi miwili, hata mitatu."

"Si ungetuambia? Tungengoja."

"Mngengojea dukani." Alimsukuma kuku mmoja polepole kwa mguu. "Amondi, mtu akigonga lango hili, amekujia mayai. Hakuna mwingine anayegonga."

Sikumwambia mtu. Lakini macho ya mama ningeyafunga vipi? Asubuhi alipasua mayai kwenye kikaango, akainama kuyachungulia.

"Mbona yamepauka hivi? Haya si ya Baba Kisilu."

"Ni yake, mama."

"Basi kuku wake wamechoka. Wacha niwe nikinunua hapo chini dukani, angalau huko sihutubiwi."

Jacklyne naye akaona vivyo hivyo, na wengine. Hakuna aliyegombana na mzee, waliacha tu kukata kona ya kwenda kwake. Lango lake naliona kutoka dirisha letu. Wiki nzima nilihesabu waliogonga: mmoja, msoma mita ya maji, na hata yeye alikuwa amekosea nyumba.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda. Alifungua kabla sijagonga mara ya pili, kikapu tayari mkononi.

"Mangapi leo?"

"Sikujia mayai, mzee. Nimekuja tu kukuona."

"Kuna nini? Mama ni mgonjwa?"

"Hapana. Yuko sawa."

Alisimama pale kama mwanafunzi aliyepewa swali ambalo hakufundishwa. Akatazama kikapu, akanitazama mimi.

"Sasa nitakupa nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

Lakini alikuwa ameshageuka. Nikamsikia nyuma ya nyumba akivunja sukuma, jani moja, jani moja. Alirudi na fungu kubwa, mikono yangu yote miwili ikajaa.

"Mpelekee mama. Mwambie asante."

Asante ya nini, sikuuliza. Nilitaka kuingia, hata kwa dakika tano, nikae naye. Lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye lango, na kwake mtu akishapewa kitu huwa anaenda. Nikaenda.