Mawe meupe ya Lubudi yalivyoua samaki wa Baba na kumfukuzisha mke wake

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, Kongo. Hili ninaloandika limetokea ndani ya nyumba yetu na sijaongeza chumvi. Mpaka leo nikilikumbuka mwili unasisimka.

Mwaka jana Baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakawa yanatoka kwa shida. Mtu aliyezoea kusimamia malori yake akawa wa kukaa sebuleni tu.

Mi binti yake nikamnunulia aquarium, tangi la kioo la kufugia samaki. Samaki ni wale wadogo wanaoitwa neon, wana mstari wa bluu unaowaka. Chini niliweka mchanga wa mto, nimeuosha vizuri.

Jamani, Baba alibadilika. Asubuhi anataka kiti kisogezwe karibu na tangi. Anawafuata samaki kwa kidole, midomo inahangaika kuwaita majina aliyowapa mwenyewe.

Aliyekuwa anawalisha na kubadilisha maji ni Mama Zaina, mke aliyemuoa baada ya mama yetu kufariki. Ndiye anayemuogesha Baba, ndiye anayemlisha uji. Kaka yangu mkubwa Idi hakuwahi kumkubali, lakini walikuwa wanasalimiana.

Idi ni dereva wa lori, barabara ya Lubudi. Safari moja akaleta mfuko wa mawe madogo meupe, mazuri kweli, apendezeshe tangi la Baba. Tukatoa mchanga, tukamwaga mawe. Hata majirani walikuja kutazama.

Baada ya muda samaki wakaanza kufifia rangi. Wanapanda juu, wanahema. Halafu wakaanza kufa.

Idi ndiye aliyegundua kitu kilichotutia baridi: kila Mama Zaina akibadilisha maji, kesho yake kuna samaki anaelea. Na ni kweli wakuu, hata mimi niliona.

Akaita ndugu, akasema mbele ya wote kwamba huyu mama anatia kitu kwenye maji. Akaenda mbali zaidi, akauliza kama anaua samaki, je, kwenye uji wa Baba anaweka nini?

Baba akawa anapiga mkono wa kushoto kwenye kiti, anajaribu kusema, hakuna aliyemuelewa.

Mama Zaina alisimama tu, kopo la chakula cha samaki mkononi.

"Mi njo nalishaka basamaki ya bwana yangu," akasema. "Nitabaua juu ya nini?"

Yaani awaue kwa sababu gani, na yeye ndiye anayewalisha. Akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake, mji wa Likasi.

Baba akakataa kula. Mi namlisha, anageuza uso ukutani.

Sasa sikieni. Siku moja nilitoa mawe niyasugue, nikayaweka jikoni pembeni ya ubao ninapokatia. Nikawa nakamua ndimu kwenye mboga. Tone likaangukia jiwe, jiwe likatoa povu.

Nikakamua tena. Likachemka kabisa, chiii, kama soda. Nikachukua mchanga wa zamani tuliokuwa tumeumwaga uani, nikaukamulia ndimu. Kimya.

Nina rafiki anayefanya kazi maabara, akanipa karatasi za kupima pH, yaani kiwango cha asidi: namba ikipanda, asidi imepungua. Maji yetu ya bomba yalikuwa chini ya saba. Maji ya tangi yamepita nane!

Yale mawe ni ya chokaa. Yanayeyuka polepole na kupandisha pH, wakati neon wanataka maji laini, yenye asidi kidogo. pH ikiwa juu, hata uchafu wa samaki wenyewe unakuwa sumu kali zaidi. Mama Zaina akiweka maji mapya mengi, pH inashuka ghafla, kisha mawe yanaipandisha tena. Samaki hawawezi kuvumilia hiyo panda shuka.

Yaani usafi wake ndio ulimfanya aonekane muuaji.

Nikamuita Idi. Sikumweleza kitu, nilimpa kipande cha ndimu nikamwonyesha jiwe. Akakamua. Akakaa chini palepale sakafuni.

"Njo mi nilileta aya mawe," akasema, yaani yeye mwenyewe ndiye aliyeyaleta.

Siku hiyohiyo akawasha gari kwenda Likasi. Alichomwambia Mama Zaina huko sikijui, ila alirudi naye, na mbele ya ndugu walewale akaomba msamaha. Baba alilia kama mtoto.

Tumerudisha mchanga wa mto, samaki wapya wako sawa. Idi akamnyooshea Mama Zaina lile kopo, kwa heshima zote. Hakulipokea.

"Lisha weye," akamwambia. "Siku moja samaki akifa, batasema ni mi."

Mpaka leo anamuogesha Baba, anampikia, anacheka na sisi. Tangi haligusi.

Wakuu, kabla hujaweka jiwe lolote kwenye aquarium, likamulie ndimu au siki kwanza. Likitoa povu, liache. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, pima maji.

Wenye uzoefu wa kufuga samaki mnisahihishe nilipokosea. Na kama kuna mtu aliwahi kurudisha imani ya mtu namna hii, aniambie alianzia wapi.