Siku Anastasie Alipokataa Kunawa

Ukiuliza kule milimani Nyamitaba fromaji tamu, jibini ya maziwa ya ng'ombe, inatengenezwa wapi, utaonyeshwa kibanda cha Anastasie. Maziwa anayapata kwa Papa Damascène, mzee mwenye ng'ombe ishirini na wawili, na kila ng'ombe Anastasie anamjua kwa jina na kwa hasira zake.

Miaka michache iliyopita nywele za Anastasie zilifika mabegani, zimesokotana kama kamba. Ilikuwa alama ya Wana wa Ukungu, vijana kumi na wawili waliochoka kuulizwa kabila lao. Ukiwauliza, wote walijibu: "Mimi ni mutu wa huku juu, kwenye ukungu." Hawakunyoa, hawakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, hawakushika hata fimbo. Siku ya soko walipiga magitaa waliyoyaunda kwa bidoni, madumu ya mafuta, na hata wazee wakali walitikisa vichwa kwa muziki.

Kiongozi wao alikuwa Edmond, kaka yake Anastasie. Siku moja watu wa bariera, kizuizi cha pale barabarani, walimpiga na kumvunjia gitaa mgongoni. Tangu hapo hakuimba tena. Kwanza alileta fimbo, "za kujikinga tu." Kisha mapanga. Hasira ni kama maziwa: huanza kuganda pembeni, na wewe bado unadhani ni majimaji.

Halafu zikaja habari kwamba mtoto wa Papa Damascène alikuwa mmoja wa wale wa bariera.

"Leo tunakata ng'ombe zake mishipa ya miguu," Edmond akasema.

Lakini Wana wa Ukungu walikuwa na sheria yao: uamuzi haupiti mpaka wote wamekula kwenye sahani moja. Bugali ikawekwa, mboga ya lengalenga pembeni, maji ya kunawa yakazunguka. Yalipomfikia Anastasie, alificha mikono nyuma.

"Nawa, dada, bugali inapoa," Edmond akasema.

"Sinawi."

"Hee, Mama Fromaji!" mmoja akamcheka. "Ng'ombe njo bwana yako?"

"Ng'ombe haikukupiga, kaka," Anastasie akamwambia Edmond. "Ile haina hata kabila."

Noël, mdogo kuliko wote, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Sheria njo sheria. Na mimi sikule." Wengine sita wakamfuata.

Edmond akaipindua sahani kwa teke. Akatoka na watatu, mapanga mikononi, wakashika barabara kubwa kwenda malishoni kwa Papa Damascène. Anastasie na wenzake wakakimbia kwa njia ya mkato, wakamwita Papa Damascène, wakaswaga ng'ombe hadi nyuma ya kilima. Ng'ombe mmoja aligoma, ikabidi asukumwe matakoni.

Wale watatu, walipokuta malisho matupu, hawakurudi nyumbani. Inasemekana wako kwa wenye bunduki, msituni Walikale. Mama zao bado wanamuuliza kila anayetoka Itebero, huko huko Walikale, kama amewaona.

Edmond hakwenda nao. Jioni Anastasie alimkuta ameketi kwenye uzio wa malisho, mikono mitupu.

"Ng'ombe iko wapi?" Edmond akauliza.

"Iko mahali mupanga hauingii."

"Na mutu bila mupanga, ataingia?"

Anastasie akampa ndoo.

"Twende. Zimechelewa kukamuliwa."

Mpaka leo Edmond anakamua vibaya, nusu ya maziwa inaishia kwenye suruali yake, na kila asubuhi dada yake anacheka hadi ng'ombe wanageuka kutazama.