Kopo la Tambwe

Tambwe alikuwa na masikio madogo, yamebana kichwani, masikio ya kawaida kabisa. Najua kwa sababu niliyaangalia sana. Tulikaa meza moja pale barazani Kawale, mtaa wa Lilongwe, Malawi, tukitengeneza redio za watu, na kila siku nilijiuliza yale masikio yana nini ambacho yangu hayana.

Alitoka Kindu, Kongo, ukoo wa wachuuzi. Ufundi aliupata kwa kufungua redio ya baba yake, akapigwa, akaifungua tena. Mimi nilisomea Bujumbura miaka miwili na cheti ninacho mpaka leo. Lakini wateja walikuja wakiuliza, "Tambwe yuko?" Mimi nipo hapa, nimeshika bisibisi, wananiuliza Tambwe yuko! Siku ya rasheni tulipanda gari moja kurudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, na kadi zetu za chakula, na hata kwenye foleni watu walimletea yeye redio zao. Mke wake, Salima, alinipikia mara nyingi. Nilikula, nikashiba, na wivu haukupungua.

Mwaka wa tisini na sita, Bukeyeneza, Mrundi mwenzangu aliyetangulia Lilongwe na kufungua duka la redio, alitangaza kwamba anatafuta fundi mmoja wa kudumu. Kiti ndani ya duka, meza yako peke yako, mwisho wa kula vumbi la barazani. Nilikitaka kiti kile kuliko kitu chochote.

Mtihani ulikuwa ampli yake mwenyewe, mashine ya kukuza sauti, nyumbani kwake mtaa wa Biwi. CD, ukweli wake, haina muziki ndani. Ina namba tupu, na lazima pawe na kipande cha kuzigeuza ziwe sauti. Kwa watu wengi kipande hicho kinakaa nje ya ampli. Kwenye ampli ya Bukeyeneza kilijengwa humo humo, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake: kila kitu ndani ya sanduku moja. Sasa muziki ulikuwa unakatika-katika, na chini yake kulikuwa na mvumo.

Nilienda mimi kwanza. Nikasafisha, nikachomelea upya, nikafunga. Iliimba siku tatu, ikarudia ugonjwa wake.

Tambwe alipoitwa nilimfuata, nikajifanya nimekuja kusalimia. Alikaa sakafuni akasikiliza tu, karibu saa nzima. Kisha akaonyesha transfoma, akasema kwa Kiswahili chake cha Kindu, "Patron, hii kipande inaikala karibu sana na transfo. Joto njo inaiua, na ule mvumo unaingilia pale pale. Tuitoshe inje, ikuwe na nyumba yake."

"Unataka kuikata ampli yangu?"

"Siikati, patron. Naihamisha tu."

Akakihamisha. Alikitia ndani ya kopo la mafuta ya msaada, lile la bati, akatoboa matundu ya hewa, akapitisha nyaya. Bukeyeneza akaweka CD ya kwaya, na nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Pumzi! Mvumo haukuwepo tena. Nilijua kiti kimekwenda.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Bukeyeneza dukani. Nilimwambia kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, kwamba kilichomo koponi kimetoka kwenye mashine mbovu ya CD, kitaimba mwezi mmoja kisha kife. Kile cha asili Tambwe amekwenda nacho Dzaleka. "Fungua ampli uone mwenyewe."

Tukaenda kwake Biwi, akafungua. Mahali kipande kilipokuwa palikuwa patupu, na matundu manne ya skrubu. Bukeyeneza alikuwa mwuza redio, si fundi, na kopo lenyewe hakulichungulia; asiyejua mashine akiona pengo anaona wizi, na mimi nilikuwa nimelitegemea hilo.

Tambwe aliitwa mwizi mbele ya wateja. Alisema mara moja tu kwamba hakuiba, kisha akafunga vifaa vyake kwenye kitambaa na kurudi Dzaleka. Mimi nikapata kiti.

Miezi miwili ikapita na kopo bado linaimba. Daktari mmoja, rafiki yake Bukeyeneza, alilisikia kule Biwi, akaleta ampli yake iliyojengwa vilevile.

"Mfanyie kama yangu," Bukeyeneza aliniambia. "Yule mwizi aliweza, wewe mwenye cheti utashindwa?"

Nilishindwa. Nilihamisha kipande, nikapanga nyaya, mvumo ukazidi. Siku ya rasheni nikapanda gari.

Nilimkuta Tambwe sokoni anauza vitunguu. Habari ilikuwa imefika kambini pia, na hakuna aliyempa redio tena. Nilianza kuzunguka maneno, kwamba kuna kazi fulani, kwamba nimekumbuka urafiki wetu. Akanikatiza.

"Gakiza, mi najua ni we njo ulisema. Ikala chini. Uko na kalamu?"

Alinichorea kila waya. "Huu wa katikati uufunge na bati ya kopo. Usipoufunga, itavuma tu." Salima akaleta chai, akaiweka mbele yangu bila kuniangalia.

Nilipokunja karatasi, Tambwe akasema, "Unisaidie kitu moja. Uambie patron ile kipande haikuibiwa. Batoto bangu banaitwa batoto ba mwizi."

"Nitamwambia," nikasema.

Nikaufunga ule waya wa katikati, na ampli ya daktari ikaimba. Bukeyeneza alinipiga bega mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme. Daktari akaniwahi kwa shukrani ya Kichewa: "Zikomo, fundi. Una masikio ya ajabu."

Nikaufunga mdomo.

Nilikaa kwenye kiti kile miaka sita. Tambwe alihamia Msumbiji na familia yake, sijui walifikia wapi. Kwa hiyo naandika hapa: kipande hakikuibiwa. Kilikuwa koponi muda wote. Na kama mimi ndiye ningeitwa mwizi, Tambwe angesema ukweli siku ile ile, kabla chai haijapoa. Hata hilo namwonea wivu.