Kumshinda Shemeji Kabla ya Jumamosi

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikaa kwetu Kakamega miaka miwili akisomea ualimu. Alikuja na begi moja na mashine ya gemu. Mimi ni fundi wa viti. Jioni nikitoka karakana tulicheza mpira wa kikapu kwenye televisheni, na kwa miaka hiyo yote sikumshinda hata mara moja. Mara mbili stima ilipotea nikiwa mbele, lakini hizo siwezi kuhesabu. Pengine angenifikia na kunipita.

Halafu akapata kazi huko Likuyani. Alituambia Jumatatu kwamba Jumamosi angeenda na mashine yake. Nikajiambia: lazima nimshinde mara moja, na iwe kwa haki. Mtu mzima kujiwekea lengo kama hilo ni aibu kidogo, najua. Lakini nilikuwa nimeamua.

Shida yangu ilikuwa kushambulia. Kila mpira nilimpa mchezaji wangu mmoja mrefu akimbie nao mpaka kikapuni, na huko mlinzi wa shemeji alikuwa anamngoja.

"Shemeji, timu ni watu watano," alisema. "Hao wanne unawaletanga washangilie?"

"Huyu ndiye anajua."

"Anajua kunyang'anywa."

Alisema kweli. Kwa hivyo Jumanne na Jumatano nilirudi nyumbani saa ya chakula, nikala haraka, nikacheza na mashine yenyewe. Nilijiwekea sheria: hakuna kurusha kabla mpira haujapita kwa watu watatu. Vidole vilikataa, nikavilazimisha. Shemeji mwenyewe nilimwambia, maana kuficha kungekuwa kama kuiba.

"Fanya tu mazoezi," akasema. "Hata jogoo anafanyanga mazoezi ya kuwika, na bado analiwa kwa ugali."

Jumatano jioni alinifunga kwa pointi sita. Kawaida ilikuwa ishirini. Lakini yule mlinzi wake hakubanduka pale kikapuni.

Alhamisi mchana, nikiwa peke yangu tena, kidole kiliteleza. Nilibonyeza kitufe cha kurusha nikakiachilia mapema. Mchezaji wangu akainua mpira lakini hakuurusha, na mlinzi wa mashine akaruka hewani bure. Nikabaki nimekodoa macho. Nilikumbuka utoto wangu huko Isecheno, kando ya msitu, tukigonga vijiti juu ya kichuguu polepole mpaka kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke wenyewe. Ukichimba, wanaingia ndani zaidi. Mimi miaka miwili nilikuwa nachimba tu.

Lakini roho haikutulia. Ijumaa nikamweleza shemeji yote, kitufe na kumbikumbi, nikamuuliza kama hiyo ni haki.

"Kwani kumbikumbi uliwaombanga ruhusa?" Akacheka mpaka akashika meza. "Ni haki. Ila sasa nimejua, na siruki ng'o."

Mke wangu alinitazama kwa huruma. "Baba, umeenda kumwambia?"

Nilijiona mjinga, na usiku huo nilikaribia kukata tamaa. Asubuhi nikashika pedi ya gemu hata hivyo.

Begi lake lilikuwa mlangoni, mwenye bodaboda ameshafika nje. Gemu moja tu. Na kweli hakuruka. Niliinua mpira mara nne, mlinzi akasimama kama nguzo. "Sidanganyiki!" alisema kila mara. Niliendelea kupitisha mpira kwa watu watatu, nikipata mbili hapa, mbili pale, mpaka zikabaki sekunde chache, yeye akiongoza kwa pointi moja.

Mpira ukamfikia mrefu wangu. Mlinzi alikuwa mbele yake. Nikabonyeza kitufe.

"Sidanganyiki!"

Safari hii sikukiachilia mapema. Mpira ukaondoka, mlinzi bado amesimama chini, ukaingia, na muda ukaisha.

"Lakini uliniambia unajifanya!"

"Nilikuambia najua kujifanya. Sikusema ni kila mara."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji akaanza kuchomoa waya. "Hiyo haihesabiki. Boda alikuwa ananipigia honi, nikakosa kutulia."

Niliifikiria hiyo, maana ni kweli honi ilipigwa, na sitaki ushindi usio wangu. Niliifikiria mpaka nikambebea begi nje na pikipiki ikapotea barabarani. Lakini honi hiyo tuliisikia sote wawili. Nimeihesabu.