Shimo la Zamu Mbili

Juzi mafundi wa bomba walichimba mtaro mbele ya nyumba yangu, na harufu ya ule udongo wa chini, mwekundu, wenye baridi, ikanijia puani. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Fundi mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia sijapoteza, nimekumbuka. Na nyie wasomaji wangu mnivumilie, maana nilichokumbuka ni habari ya choo.

Tulikuwa tunakaa Sumbawanga, kwenye mtaa uliokuwa juu kidogo ya kijito. Baba alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa huko. Sisi ni Wanyakyusa, na majirani zetu karibu wote walikuwa Wafipa, watu wapole waliotucheka kila tulipolalamikia upepo wao. Ilikuwa ile miaka ya ujamaa ambapo redio ilifundisha nchi nzima mambo ya afya. Mara moja kwa wiki watu wazima walikusanyika uani kwa balozi wetu wa nyumba kumi, redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, wakasikiliza: chemsheni maji, fyekeni nyasi, chimbeni vyoo. Kipindi kikiisha ubishi ulianza, na bingwa wa ubishi ule alikuwa mama yangu.

Mama hakujua kufanya jambo nusunusu. Choo chetu alikisimamia mpaka kikawa mfano wa mtaa mzima. Kuta zilipakwa udongo mweupe, shimo likawekewa mfuniko wa mbao wenye mpini, na mlango ukafungwa kwa komeo. Balozi alikuwa akileta watu kukitazama. "Tazameni kwa Mama Neema!" alisema, na mimi Neema nikavimba kichwa, kana kwamba nimekichimba mwenyewe.

Kisha akaja Babu, baba yake baba, mjane, kutoka Rungwe, na fimbo yake na kijembe chake kidogo. Kwa desturi yetu mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, wala hapiti alipo. Basi Babu akikohoa tu, mama alitoweka. Nimewahi kumwona akitokea dirishani na sufuria ya maharage mkononi, na hakumwaga hata tone. Mimi, mtoto wa miaka minane, nikawa posta yao. "Mwambie babu yako chakula tayari." "Mwambie mama yako maharage ya leo yameiva vizuri." Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa nyuma ya ukuta, lakini lazima nitumwe.

Jambo moja hakuna aliyelifikiria: watu wasioruhusiwa hata kukutana njiani hawawezi kuchangia choo. Babu hakulalamika. Kila alfajiri alichukua kijembe chake akashuka kwenye nyasi ndefu juu ya kijito. Siku moja nilimfuata, akaniona. "Mjukuu wangu," akasema, "mambo ya mzee hayasimuliwi." Akanivunjia kipande cha muwa. Nikanyamaza.

Mvua zilipoanza, kuhara kukaingia mtaani. Balozi alizunguka nyumba hadi nyumba akikuna kichwa, maana vyoo vilikuwepo na maji yalichemshwa. Sisi watoto tulikuwa tukicheza kijitoni na kunywa kwa viganja, lakini hatukuulizwa, na hatukusema. Kisha akaugua mdogo wangu Lusajo, aliyekuwa na miaka mitatu. Kwa siku mbili macho yake yalizama ndani, na akilia hakutoka chozi. Baba alimbeba mbio hadi hospitali, akatundikiwa dripu.

Mama alirudi nyumbani jioni kuchukua kanga. Akakaa kizingitini, kanga mapajani, akasema, "Tumekosea wapi, Neema? Hebu niambie, tumekosea wapi?" Nikamwambia yote: Babu, kijembe, nyasi, kijito, hata muwa.

Asubuhi yake, kabla ya kurudi hospitali walikolala baba na Lusajo, mama alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba akaanza kuchimba. Alichimba kama anayempiga mtu. Nilijificha jikoni, nikijua nimemchongea Babu na sasa atafukuzwa kwa ajili yangu.

Balozi alipita, akashangaa. "Mama Neema, choo chenu kile kizuri kipo, na hili shimo la nini tena?"

"Hili langu," mama akasema bila kuinua kichwa. "Kile kizuri ni cha baba mkwe."

Babu alikuwa chumbani, na dirisha lake lilikuwa wazi. Akaniita. "Mwambie mama yako akienda hospitali, jembe aliache hapohapo."

Basi shimo likachimbwa kwa zamu. Asubuhi alichimba mama, halafu akaoga, akabeba uji wa mgonjwa akaondoka. Mchana aliingia Babu. Hawakuonana hata siku moja. Mama alikuwa akimwachia viazi vitamu kwenye bakuli lililofunikwa, pamoja na maji yaliyochemshwa. Babu alichonga vipandio kwenye ukuta wa shimo, vifupivifupi, kwa kadiri ya mguu wa mama, ili asihangaike kutoka.

Siku ya tano Lusajo aliomba ugali, na baba akalia mbele ya wauguzi bila aibu. Siku ya saba shimo likatimia, na kibanda kikajengwa siku chache baadaye. Siku Babu alipoingia mara ya kwanza kwenye kile choo cheupe, alikohoa mara tatu mlangoni, kwa sauti, kama mgeni rasmi. Majirani walicheka, naye akacheka akiwa humohumo ndani. Taratibu mtaa ukapona.

Babu alikaa nasi mpaka nikawa mwanafunzi wa sekondari, akafia mikononi mwa baba. Siku ya kumuaga jeneza lilifunguliwa, na mama naye akaruhusiwa kupita. Alisimama pale akimtazama yule mtu aliyempikia miaka yote ile.

"Neema," akaninong'oneza, "kumbe ana pua ya Lusajo."

Kisha akainama, akamwambia maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia maishani.

"Baba, nisamehe. Nilijenga choo cha kuonyesha watu, nikakusahau wewe wa nyumbani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba siku zile saba mama hakuwa akichimba kwa hasira.